Ndege Njema, Ndege Mbaya

Jumamosi, 20 Juni 1936

Wikendi nyingine. Neno hili nimelijua tangu nilipoandikwa kazi hapa. Maana yake: siku mbili, tatu ambazo Bwana Miwani, Mzungu wa Unguja ninayemtunzia nyumba, hafanyi kazi, na mimi sipati nafasi ya kukaa kitako. Tangu alfajiri nimefagia nyumba yake, nimetandika kitanda, nimejaza mapipa, nimeshuka pwani kuukanyaga mchanga. Mgumu! Bamvua zuri. Maji yamekwenda mbali kabisa, ungeweza kufanya arusi pale na watu wote wa Wambaa wakapata pa kukaa.

Nikatandika bafta. Pande mbili za kitambaa cheupe, moja ndefu moja fupi, mfano wa herufi T, na mawe kila pembe, ili aliye juu aone pa kutua. Bi Kijakazi, mkwe wangu, alikuwa anarudi kuokota chaza na kapu lake kichwani. Akasimama. "Bafta nzima mwailaza mchangani! Watu Wambaa huazimana sanda, weye wantandikia ndege." Nikamwambia, mama, bafta si yangu, ya Bwana. Akasema anajua si yangu, ndiyo maana anasema.

Saa nne na nusu Bwana akaja. Wazee huiita ndege ulaya. Mimi husema eropleni, kwa kuwa nimekaa madarasa sita skuli ya Chake, lazima yaonekane. Kidude kidogo, viti viwili, mbawa za kitambaa kilichopakwa rangi. Dakika arubaini kutoka Unguja! Meli huchukua usiku kucha na watu wakatapika juu yake.

Kwanza akapita chini kabisa juu ya nyumba zetu, ndiyo mizaha yake. Kuku wote mvunguni. Kivuli kikampita mwanangu Mwatum pale uani, naye kucheka! Miaka minne, haogopi kitu. Akakifukuza mpaka kwenye ua wa makuti. Bibi yake akamrukia, akamgubika kanga.

Jioni tulipokwisha kuisukuma juu ya alama ya maji, Bwana akampakia Mwatum kiti cha nyuma. Kichwa hakionekani. Akamwambia kwa Kiswahili chake cha jikoni: Siku moja mimi chukua wewe Unguja. Mwatum akaniuliza, saa ngapi?

Jumatatu, 22 Juni

Ameondoka saa sita kasoro, na maji yanaanza kurudi. Wanaume kumi mkiani, "Ndege njema! Ndege njema!" kelele mpaka ikawa nukta. Huyo, kesho yuko ofisini kwake na tai shingoni, mpaka bamvua lijalo, baada ya wiki mbili.

Lakini leo ni siku yangu. Kila Alhamisi kabla hajaja nampelekea simu ya maandishi kwa posta ya Chake, kumweleza mchanga ukoje. Huwa naandika vizuri, mchanga, upepo, mawingu, yote. Kumbe yamemchosha. Leo amesema anataka maneno mawili tu, nichague mwenyewe. Nikafikiri pale pale. Nikamwambia: NDEGE NJEMA, maana yake njoo. NDEGE MBAYA, maana yake usije. Nikamfasiria kwamba siye ndivyo tunavyoagana na msafiri, ndege njema, awe anapanda meli au punda, na eropleni nayo ni ndege. Neno moja, kazi mbili! Amecheka mpaka akavua miwani. Akayaandika katika kidaftari chake cha mfukoni. Akanipiga begani.

Nimerudi nyumbani natembea kama niliyevikwa kilemba. Kazija mke wangu akasema nimefurahi utadhani nimezaa mimi.

Ijumaa, 26 Juni

Hakuna kitu. Kipupwe, baridi asubuhi. Karafuu za kwanza zimeanza kuwa nyekundu. Mwatum amefunga makuti mikononi, anazunguka uani, vvvvv. Anauliza kumebaki kulala mara ngapi eropleni irudi. Mara nane. Hajui nane ni ngapi, nimemwonyesha kwa vidole, amevihesabu kimoja kimoja na kukosea.

Jumapili, 28 Juni

Mwatum moto. Hakula. Amelala kutwa, na huyu si mtoto wa kulala mchana.

Nimefungua kabati la Bwana nikatoa kwinini. Vidonge viwili, Kazija ameviponda na asali. Sikuomba ruhusa. Atanisamehe.

Jumatatu, 29 Juni

Ndege.

Saa tatu asubuhi, mapajani mwa mamake. Macho yamegeuka meupe, meno yameumana, mkono unapiga, unapiga — sitaki kuandika. Muda wa kusoma Yasini nusu. Kisha akalegea, akalala, kope hazikufumba sawasawa.

Kwetu ugonjwa huu hauitwi kwa jina lake lote. Ukiliita, eti linaitika. Husemwa tu, mtoto ana ndege. Kila mtu anaelewa na anashusha sauti. Lilipotaka kunitoka ulimini pale mlangoni, Bi Kijakazi alinifumba mdomo kwa kiganja chake! Mkwe wangu, aliyekuwa hata mkono hanipi bila kuufunika kwa kanga.

Amemfunga mtoto dawa ya mvuje mkononi na shingoni, nyumba nzima inanuka. Kisha akanigeukia mbele ya majirani. "Si nlisema? Kivuli cha lile dege kimempita ntoto. Ndege kaita ndege." Nikamjibu vibaya. Nikamwambia homa inatoka kwa mbu, si kwa kivuli, na kama ni kivuli mbona kuku wake wazima. Watu wakatazama chini. Sikupaswa. Nilimshika mkono baadaye nikamwomba radhi, akasema yamekwisha, lakini hakunitazama.

Na sasa nimekaa hapa nahesabu. Tangu kivuli mpaka leo siku tisa. Mimi, niliyesoma, nahesabu siku za kivuli!

Jumanne, 30 Juni

Tumempeleka Mkoani kwa kitanda, wanaume wanne. Njiani ikamshika tena. Tukakiweka kitanda chini katikati ya njia, Kazija akamlalia juu ili jua lisimpige.

Dresa Mbarouk, anayetibu watu pale Mkoani, ni mtu mwema. Amempiga sindano ya kwinini. Bi Kijakazi, anayeamini sindano humuua mwenye ndege, aligeuza uso lakini hakuzuia. Halafu dresa akamwinua Mwatum kichwa, kikaja na mabega pamoja, kipande kimoja. Shingo imekaza. Akanivuta pembeni. Akasema hii si ya mkono wake, kuna daktari Unguja anayetoa maji mgongoni kwa sindano na kuyapima, na afikishwe upesi. Meli imepita jana. Nyingine ni Jumatatu ijayo. Kwa tanga ni kwenda kinyume na kusi, siku mbili, tatu. Nikamuuliza, akingoja meli? Akaanza kupanga chupa zilizokwisha kupangwa.

Ndipo nikakumbuka. Jumamosi! Bwana Miwani anakuja Jumamosi! Ashushe mzigo wake, ageuze, dakika arubaini! Nilicheka kwa sauti mbele ya wagonjwa wote. Dresa akasema, una bahati, ndugu yangu, wangapi wana ndege.

Nyumbani Bi Kijakazi akasema hatopanda. Kilichompiga ndicho kimbebe? Kazija hajapata kumpinga mamake tangu nimjue. Leo alikuwa anakamua kitambaa, hakuinua hata uso. "Mama, nkiambiwa nimpakie juu ya papa, ntampakia."

Jumatano, 1 Julai

Asubuhi mapema nimemtuma Mmanga, jirani yangu, ndiye mwenye baiskeli. Mimi siwezi kutoka, ikimshika tunakuwa wawili kumzuia asijiumize. Nimeandika simu kwa herufi kubwa ili karani wa posta asikosee:

MTOTO ANA NDEGE MBAYA HAJIWEZI

Maneno matano. Bwana hatolalamika kwamba ni ndefu. Kwanza nilitaka kuandika mgonjwa. Lakini mgonjwa ni neno la kila siku, hata mwenye jipu ni mgonjwa. Atasema, basi nitampa kidonge nikija. Nimetaka ajue ni kitu gani, aje na haraka. Jina lake lote sikuliandika, Bi Kijakazi alikuwa amekaa hapo hapo ananitazama mkono kana kwamba anajua kusoma. Abrahman, karani wake wa Unguja, atamfasiria. Mswahili yule, ana watoto.

Nimemwambia Mmanga angoje jibu, alale Chake ikibidi. Na ile simu ya mchanga ya kesho sitaipeleka. Anayeitwa kwa mgonjwa haulizi habari za mchanga.

Mwatum amefumbua macho adhuhuri. Nikamwambia Jumamosi unapanda eropleni. Akasogeza vidole. Vitatu, nikamwambia. Sina hakika kama alinisikia.

Alhamisi, 2 Julai

Haji.

Mmanga amerudi saa nane, jasho mpaka kwenye kofia, karatasi ya simu kaiweka ndani ya shati isilowe. Naiandika hapa kama ilivyo:

NIMEELEWA SIJI WIKENDI HII NITAKUJA 18 POLE MTOTO

Nimeelewa. Siji. Pole mtoto!

Nimeisoma mara kumi nikitafuta neno jingine ndani yake. Mtu huyu nimemfulia. Nimempikia. Nimemsukumia eropleni yake maji yakiwa magotini. Kaja kula samaki wetu, kaja kulala upepo wetu, kampakata mwanangu, na leo mwanangu anakufa anasema pole, nitakuja tarehe kumi na nane! Kumi na nane aje kufanya nini? Laana ya Mungu — hapana. Sitaandika.

Kazija aliniuliza imesemaje. Nikamsomea. Akauliza tena, imesemaje. Nikamsomea tena. Akaenda kuchota maji na mtungi ulikuwa umejaa.

Bi Kijakazi, nilidhani atafurahi. Alikaa kizingitini akajifunika uso.

Leo mara tatu. Mkono wa kushoto haukamati tena. Namtilia kidole changu kiganjani, kinateleza.

Ijumaa, 3 Julai

Ni mimi. Ni mimi mwenyewe.

Asubuhi Mmanga alikuwa anaondoka kwenda konde yake ya ng'ambo. Kazija, kwa adabu tu, mtu hajui hata anasema nini, akamwambia: Ndege njema, Mmanga. Nilikuwa nakunywa maji. Kata ikaniponyoka.

Ndege njema, njoo. Ndege mbaya, usije. Kidaftari cha mfukoni!

Hakukataa. Ametii! Kasoma NDEGE MBAYA, kafungua kidaftari chake, kaona maneno yangu mimi, hodari wa maneno. Na mtoto? Kadhani namwambia mtoto atasikitika kwa kuwa eropleni haiji. Ndiyo maana ya ile pole. Mtu anamwonea huruma mtoto aliyekosa kupanda! Na mimi jana nilikaribia kumlaani kwa jina la Mungu.

Nilimwomba Mmanga baiskeli. Hakuuliza. Sikumwambia Kazija kwa nini ninakwenda, nilisema tu ninapiga simu tena. Nimeanguka mara mbili mteremkoni, goti limechanika, saa nne na robo nikawa Chake. Nikamwandikia: MTOTO MGONJWA SANA MCHANGA MZURI NJOO KESHO. Tazama lilivyo jepesi! Mgonjwa. Neno la kila siku, analijua, huliuliza kila akija, nani mgonjwa, nani mgonjwa.

Karani wa posta akaipiga pale pale kwa simu ya upepo. Nikakaa barazani. Watu wakaja, wakaenda, wakaadhini, wakasali Ijumaa, mimi sikwenda msikitini, niliogopa jibu litanikuta sipo. Mungu ananiona. Naandika hapa hapa kwa kalamu ya karani.

Saa tisa. Jibu limekuja, si la Bwana, la Abrahman:

NILIKUWA ARUSINI SIKUONA SIMU YA KWANZA BWANA AMERUKA LEO ASUBUHI KWENDA BARA WIKENDI NAMTAFUTA KWA SIMU MUNGU AMPE SHIFAA

Ameruka leo asubuhi. Pale kata iliponiponyoka, pengine ndipo alipokuwa anawasha mashine. Pemba hakuendeki, kaona aende kwengine. Ana haki. Mtu ana eropleni, kwa nini akae nyumbani wikendi?

Namtafuta. Bara ni kubwa. Hakusema bara gani, Tanga, Mombasa, Dar es Salaam. Karani wa posta akanisomea kwa sauti ya chini, kisha akaniambia, huyu Abrahman ni mtu wa kutafuta kweli, usikate tamaa. Nikamwambia ahsante. Tamaa nilishaikata njiani, kwenye mteremko.

Nimerudi saa ya Magharibi. Nimemwambia Kazija yote, kuanzia kile kilemba changu cha tarehe ishirini na mbili. Nilitaka anipige. Akasema, basi hakutukataa. Akasema tena, basi yule mtu hakutukataa, na akaonekana kama aliyepumzika kidogo, wallahi sielewi wanawake wameumbwa kwa nini.

Mwatum hafumbui macho tangu adhuhuri. Maji tunamdondoshea kwa pamba.

Jumamosi, 4 Julai

Niko mchangani. Daftari nimekuja nalo, la sivyo nitakaa nikitazama juu mpaka shingo yangu nayo ikaze.

Sikutaka kuja. Alfajiri nilikuwa nimekaa ukutani nikimpepea Mwatum, Kazija kalala kidogo akiwa amekaa. Bi Kijakazi akamaliza kusali, akakunja msala, akaja akachuchumaa mbele yangu. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Baba, nenda katandike bafta yako."

Nikamwambia, mama, haji. Yuko bara.

"Na akija akakosa kuiona?"

Nikamwambia, mama, si weye uliyesema hatopanda? Akasema, nshasema mengi. Nenda.

Basi nimekuja. Nimetandika. Ndefu, fupi, mawe pembeni. Mchanga mgumu, kusi kidogo, mawingu hakuna. Ingekuwa simu ningeandika NDEGE NJEMA.

Saa nne. Maji yako mbali. Kina mama wameinama huko kwenye miamba, mmoja kaniona akanipungia, hajui.

Saa nne na nusu. Saa yake. Huja kutoka kule juu ya Kisiwa Panza, kwanza unaisikia kabla hujaiona. Nimesikia. Nimesimama, nimevua kofia, nimepunga. Ilikuwa motaboti ya mtu inapita mbali.

Saa tano. Nimewaza kwamba Abrahman kampata. Kampata mezani anakunywa chai, kaletewa karatasi, kasoma mgonjwa, kainuka. Kutoka Tanga haichukui hata saa moja. Nimempakia Mwatum na mamake kiti cha nyuma, Bi Kijakazi anasoma dua, wanaume mkiani. Nimefika mpaka pale wanapotua Unguja, kuna gari imengoja, nikaona nasema uwongo na nafsi yangu, nikaacha.

Saa tano na nusu. Maji yamegeuka. Hayaonekani yakija, unaona tu kwamba jiwe ulilolitazama halipo. Kina mama wametoka miambani.

Nimesogeza mawe mawili, bafta ilikuwa imejikunja na upepo. Lazima iwe imenyooka. Toka juu T iliyojikunja haisomeki.

Saa sita kasoro robo. Bado ana nafasi. Si kubwa, lakini yule ni hodari, nimeshamwona akitua pafupi kuliko hapa.

Kuna mtu anateremka kutoka nyumbani. Mwanamize, mdogo wake Kazija. Hakimbii. Msichana huyu tangu utoto wake hajui kutembea, kila anapotumwa hukimbia, na leo anatembea.

Kafika. Kasimama mbali na mimi kidogo. Anasema Bi Kijakazi anaitaka bafta.

Nimemuuliza, ya kumkandia homa? Kwa kukandia kitambaa kidogo kinatosha, mwambie akate kwenye shuka langu. Nikamwambia maji bado hayajafika, mchanga bado mgumu, ana robo saa nzima ya kutua. Akasema, shemeji. Basi, hilo tu, shemeji.

Nimemwambia asubiri. Kachuchumaa kule mguuni mwa T, ameanza kutoa mawe, moja moja, taratibu, na mimi nayarudisha.